Mafiga, Gadi na Kiweko: Miguu Mitatu ya Kamera katika Pwani ya Tanga

Makala haya yametokana na barua moja ya manunuzi. Ofisi moja ya umma, ambayo hapana haja ya kuitaja, iliagiza vifaa vya kupigia picha magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga. Katika orodha yake, iliyoandikwa kwa Kiswahili kisicho na dosari ya sarufi, mlikuwa na mstari usemao: "Stendi tatu za kamera." Mwandishi alikusudia kile kifaa chenye miguu mitatu ambacho mpiga picha husimamishia kamera yake. Mwenye duka alisoma alivyosoma, akaleta vyuma vitatu vya kupigilia ukutani, vya aina ile ishikayo kamera za ulinzi milangoni mwa benki. Kwa haki kabisa hakukosea. Aliagizwa stendi, akaleta stendi. Aliagizwa tatu, akaleta tatu.

Mimi nilifuatana na wapiga picha hao kwa kazi yangu ya kukusanya msamiati. Vyuma vile tulikwenda navyo Tongoni tukarudi navyo, na picha za alfajiri zikapigwa kwa kamera iliyoshikwa mikononi. Nyingi zilitoka zimetikisika. Msomaji asidhani kwamba hasara hiyo ilikuwa ya urembo tu. Picha za namna ile hupigwa ili zilinganishwe mwaka kwa mwaka: ufa wa kaburi umepanuka kiasi gani, bahari imesogea hatua ngapi. Zisipopigwa kutoka mahali pale pale na kwa kimo kile kile, ulinganisho hauwezekani, na mwaka uliopita haurudi. Ndipo nikaona kwamba swali la jina la kifaa hiki, ambalo kwa muda mrefu tulikuwa tukiliweka kando kama jambo dogo, lastahili kuchunguzwa toka mwanzo wake.

Mwanzo huo ni wa zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa huko Ufaransa mwaka 1839, na kabla ya miaka kumi kupita ulikwisha fika katika pwani yetu. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyetembelea Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, alikuwa na mashine ya kupigia picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Baadaye, mwaka 1851, Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kutumia kioo kilichopakwa dawa majimaji. Njia hiyo ilitoa picha safi, lakini ilikuwa na masharti magumu: kioo kipakwe dawa, kitiwe katika mashine, kipokee mwanga na kisafishwe, yote hayo kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo mpiga picha wa mandhari alilazimika kusafiri na hema la giza, chupa za dawa, sanduku la vioo, na mashine yenyewe ya mbao. Kwa kuwa kioo kilihitaji sekunde kadhaa kupokea mwanga, hapakuwa na mkono wa mwanadamu ulioweza kuishika mashine hiyo bila kuitikisa. Miguu mitatu haikuwa nyongeza ya kifaa; ilikuwa nusu ya kifaa.

Richard Burton na John Speke walipopita Tanga, Tongoni, Pangani na Usambara mapema mwaka 1857, habari za magofu ya Tongoni ziliandikwa kwa kalamu. Speke aliporudi mwaka 1860 alifuatana na James Grant, aliyekuja na kamera. Grant alipiga picha Unguja, lakini msafara ulipoingia bara kamera ikarudishwa pwani. Joto la ndani ya hema la dawa lilikuwa halivumiliki, na Grant akaendelea kuchora kwa penseli. Nalitaja tukio hili kwa sababu linatuonyesha uzito wa shughuli nzima. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, nao ulibebwa kichwani au begani. Fito tatu za mbao ngumu zilizofungwa pamoja, ndefu kuliko mtu, zilikuwa mzigo wa kuchukiza hata kama hazikuwa nzito, maana zilinasa kila kichaka.

Miaka ya 1870 dawa kavu ilivumbuliwa, na hema la giza likaachwa. Miguu haikuachwa. Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889, mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa Usambara pamoja na Oscar Baumann. Vita vya Abushiri bin Salim viliwakuta njiani, wakakamatwa, mizigo yao ikapotea, wakaachiliwa kwa fidia. Vitabu vya wasafiri hao vinatueleza mengi kuhusu vyombo vyao, lakini vinatueleza kwa Kijerumani. Mpagazi aliyebeba miguu ile kutoka Pangani hadi milimani bila shaka aliiita kwa jina fulani kila asubuhi mizigo ilipogawanywa. Karani wa msafara hakuwa na sababu ya kuliandika. Hapo ndipo istilahi nyingi za Kiswahili zilipopotea: midomoni mwa watu waliokuwa na kifaa mabegani, mbele ya watu waliokuwa na kalamu.

Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, ukafika Muheza mwaka 1896, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kila hatua ya reli hutanguliwa na wapimaji, na chombo cha mpimaji nacho husimama juu ya miguu mitatu. Kwa hiyo watu wa bonde la Pangani waliona miguu ya kupimia ardhi na miguu ya kupigia picha katika kizazi kimoja, na mara nyingine wakaajiriwa kuibeba yote miwili. Mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin, ambaye picha zake za miaka ile zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, alifanya kazi yake katika nchi hii hadi Vita Kuu ya Kwanza. Anayezitazama picha za namna ile atatambua kwamba watu wamesimama kama waliogandishwa, na kwamba majani ya minazi yamefifia kwa upepo huku kuta za nyumba zimekaa wima, kila tofali likihesabika. Minazi ilicheza, mashine haikucheza.

Inafaa tujiulize kwa nini basi lugha ilipata upesi jina la picha na la mpiga picha, isipate la miguu. Zamani neno sanamu lilitosha kwa kila kitu chenye sura ya kitu kingine, kiwe kimechongwa au kimechorwa. Baadaye picha likaingia, sanamu likabaki na vya kuchonga. Mabadiliko hayo yalifanywa na wasomaji wa magazeti. Tanga yenyewe ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Kiongozi, lililotoka katika shule ya serikali ya mji huo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi mwaka 1916. Msomaji wa gazeti huiona picha, miguu haioni. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, haja kubwa ilikuwa vitabu vya shule. Na wakati huo huo kamera yenyewe ilikuwa imeanza kunywea. Kamera ndogo ya Leica ilianza kuuzwa mwaka 1925. Ilishikwa mkononi, ikawekwa mfukoni. Kwa nusu karne iliyofuata miguu mitatu ilijificha katika studio, ambako fundi alikuwa nayo moja tu, nayo haikuondoka mahali pake. Kitu kilicho kimoja na kisichohama hakihitaji jina: "ilete ile" yatosha.

Televisheni ndiyo iliyoitoa tena nje, Zanzibar mwaka 1973 na Tanzania Bara mwaka 1994. Kisha zikaja kamera za tarakimu, na watalii, na vijana wetu wanaopiga picha za mandhari kwa riziki yao. Wote hao husema stendi. Wengine husema tripodi. Sina ugomvi na maneno ya mkopo. Kamera, picha, reli na benki niliyokwisha yaandika hapa ni ya mkopo, na hakuna aliyekwazwa. Ugomvi wangu na stendi ni mwingine. Neno hili limekwisha pewa kazi nyingi mno. Ni kituo cha mabasi, ni kishikio cha baiskeli, ni mguu wa feni, na kama tulivyoona ni chuma cha ukutani. Tripodi lina kosa la kinyume: halina ndugu. Halimsaidii mwanafunzi kupata jina la kifaa cha mguu mmoja, ambacho nacho kinauzwa duka lile lile.

Nilipoanza kutafuta jina la Kiswahili nilifuata utaratibu uliozoeleka: kwanza Kiswahili Sanifu, kisha lahaja, kisha lugha nyingine za Kibantu na za Afrika, ndipo lugha za mbali. Pendekezo la kwanza lililoletwa mbele yetu lilikuwa utatu. Lilikataliwa siku hiyo hiyo, maana neno hilo lina kazi yake kanisani na halipaswi kusumbuliwa. La pili lilikuwa kiguutatu, kwa kufuata mfano wa pembetatu. Aliyelileta alikuwa hakukumbuka kwamba kiguu ni mtu mwenye ulemavu wa mguu. La tatu lilikuwa mafiga, na hili lilistahili kujadiliwa kwa heshima.

Mafiga yanabeba siri yote ya kifaa hiki. Meza ya miguu minne ikiwekwa kwenye sakafu mbovu, mguu mmoja huning'inia na meza ikayumba. Chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi, hata ardhi iwe na mashimo namna gani, kwa kuwa nukta tatu daima hupata kukaa katika bapa moja. Mpishi wa pwani alilijua jambo hili kabla mwalimu wa hisabati hajafika. Lakini mafiga ni mawe matatu yaliyoachana, na hayahami pamoja. Mtu akisema "nimevunja figa la kamera" hatujui amevunja nini.

Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa gadi. Msomaji wa pwani analijua neno hili: ni mti unaoegemezwa ubavuni mwa chombo kilichopwelewa ili kisilale. Nililipenda kwa sababu ni la kwetu, ni fupi, na lina harufu ya bahari. Nilikwenda nalo Pangani nikiwa na hakika litapita. Fundi mmoja wa kuunda majahazi, mzee wa makamo ya babu yangu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, uzito wa chombo uko wapi?" Nikajibu uko juu ya magadi. Akacheka. "Uzito uko kwenye mkuku. Gadi halibebi kitu. Gadi linazuia." Akanionyesha kwa kiganja: jahazi limekaa juu ya mkuku wake, na miti ya pembeni inalikataza kuanguka tu. Kamera haina mkuku. Ikiondolewa miguu, inaanguka yote.

Nilirudi Tanga nimeshindwa. Shida nyingine zikajitokeza zenyewe: gadi ni pia yule mlinzi wa garimoshi, neno lililokuja na Kiingereza, na wingi wake ukisemwa magadi mpishi anafikiria kulainisha maharage. Hata hivyo sijuti kulipendekeza, maana safari ile ilinifundisha kutazama viungo vya kifaa badala ya kushikilia jina la kifaa kizima. Nilifungua miguu ya kamera mbele ya mafundi mbalimbali, nikawauliza wanakiitaje kila kipande. Majibu yalikuja bila kusitasita.

Mahali mguu unapoungana na kichwa cha kifaa, seremala alisema bawaba. Vipande vya mguu vinavyoingia kimoja ndani ya kingine, mwenye shamba la miwa alivitazama akasema pingili, na sioni tutapata neno bora zaidi. Kile kichwa kigeukacho kila upande kwa kuwa ndani yake mna mpira wa chuma, mafundi wa baiskeli walikiita kichwa cha gololi. Kile kiputo kinachoonyesha kama kifaa kimelala sawa ni pimamaji, jina ambalo kila mwashi analo. Ndoano ya chini ni kulabu. Kiunzi cha kati kinachopandishwa na kushushwa, mvuvi mmoja alikiita mlingoti. Na ile ncha yenye hesi ya kufungia kamera, mzee wa Pangani aliita parafujo, neno lililoachwa na Wareno ambalo vijana wamelibadili kwa skrubu. Nilifurahi kulisikia likiwa hai.

Majina haya si mapambo. Mtu anayechagua kifaa cha kupigia mandhari ya pwani yetu anachagua kwa viungo hivi, na asiyeweza kuvitaja hawezi kuviagiza. Tuchukue pingili. Mguu wenye pingili nne hukunjika mfupi, ukaingia katika mfuko wa basi la kwenda Lushoto. Lakini pingili ya mwisho huwa nyembamba, na kila kiungo ni mahali pa kuchezea. Mguu wa pingili tatu ni mrefu kubeba na ni imara zaidi. Katika Usambara, penye kupanda kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, mimi ningependelea nne. Kwa Tongoni, ambako gari hufika karibu, ningechukua tatu bila kufikiri.

Ama mlingoti, unamvutia mnunuzi dukani kwa kuongeza kimo, nao ndio unaomsaliti ufukweni. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, kamera iliyopandishwa juu ya mlingoti hutetemeka kama bendera. Kifaa kinachofaa ni kile kinachofika kimo cha macho mlingoti ukiwa chini, na penye upepo mkali miguu hutanuliwa, mfuko wenye mawe au mchanga ukatundikwa kwenye kulabu. Uwezo wa kubeba nao utazamwe: wajuzi hutaka kifaa kiweze kubeba angalau mara mbili ya uzito wa kamera na lenzi yake.

Kisha kuna maji. Katika bahari ya Tanga tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua huzidi mita tatu, na mwenye kutaka picha ya magofu na mikoko kutoka upande wa bahari atasimama juu ya tope. Ncha kali huzama. Hapo yahitajiwa wayo mpana. Juu ya majabali ya chokaa na ndani ya mapango ya Amboni, ambako mwanga ni haba na kamera huhitaji nusu dakika au zaidi, ncha ndiyo inayoshika. Vifungo vya pingili vya kuzungusha huingiwa na mchanga upesi kuliko vile vya kubana, ingawa vya kubana hunasa nguo. Vyote viwili huliwa na chumvi. Mtu akitoka baharini afungue pingili zote, asuuze kwa maji baridi, aanike kivulini. Mbao za zamani zilikuwa na sifa moja tunayoisahau, nayo ni kunyonya mtikisiko. Alumini ni rahisi lakini hutetema. Nyuzi za kaboni, zilizoanza kutumika katika miguu ya kamera katika miaka ya 1990, ni nyepesi na tulivu, na bei yake ni ya kukaa chini kwanza.

Turudi kwenye jina. Pendekezo ninaloliunga mkono sasa ni kiweko. Neno hili limo katika lugha, limetokana na kitenzi kinachojulikana na kila mtoto, nalo lina maana ya kitu kinachowekewa kingine juu yake. Wapo wanaolipinga kwa kuwa ni pana, kwani hata kizingiti cha sanamu ni kiweko. Upana huo naukubali, kwa sababu unaturuhusu kulifinya: kiweko cha miguu mitatu, kiweko cha meza, kiweko cha ukutani. Vyuma vile vya benki vingepata jina lao na kosa lisingetokea. Kifaa cha mguu mmoja nisingekiita kiweko, maana hakisimami chenyewe; wapiga picha wawili wa Tanga walikiita mkongojo, na ndivyo kilivyo. Stendi tuiache midomoni mwa watu, lakini isiingie katika barua yenye fedha za umma.

Barua ile iliandikwa upya. Ilisema: "Viweko vya kamera, kila kimoja cha miguu mitatu yenye pingili tatu, kichwa cha gololi, wayo za kubadilishwa, idadi: vitatu." Vilikuja vilivyotakiwa. Kipande kimoja tu kilibaki bila jina: ile sahani ndogo ifungwayo chini ya kamera, inayonasa katika kichwa na kubanduka kwa kidole. Orodha yetu imeandika sahani ya kunasia, na muuzaji aliielewa, lakini mafundi watatu niliowauliza walitoa majina matatu. Walimu wa ufundi na wafasiri walioko Tanga, Muheza na Pangani wanaombwa watuletee waliyoyasikia.